Hasidi wa Bi Zawena

Nchi ya Jichoni ipo. Anayebisha abishe, mimi sitamshika shati. Ila siku akikuta tangazo la mlangoni lililonyooka, au barua ya ofisini isiyo na neno la kuzidi wala la kupungua, na ajiulize ilipita mikononi mwa nani kabla ya kumfikia yeye. Mimi nasema niliyoyapata kuhusu Sikudhani Mtambo, aliyekwenda huko akidhani ameitiwa heshima.

Sikudhani alikuwa msahihishaji katika kiwanda kidogo cha kupiga chapa, mjini Tanga. Kadi za harusi, kalenda, matangazo ya mazishi, vijitabu vya shule, vyote vilipita mbele ya miwani yake kabla ya kupita kwenye mashine. Watu walileta “vitu zangu”, walileta “siku ya leo ya Jumamosi”, walileta “nime fika” imekatwa katikati kama muwa, naye akakaa anachambua tu. Na nani amewahi kumshukuru mchambua mchele? Mchele ukiwa na jiwe, anatukanwa. Ukiwa hauna, anasifiwa mpishi.

Meza ya pili alikaa Zawena Kibindo. Walianza kazi pamoja, wakala mihogo pamoja, wakacheka makosa ya watu pamoja. Halafu Zawena akaandika kijitabu cha kuwafundisha watu kuandika barua ya kuomba kazi. Kijitabu kikapendwa. Akaitwa redioni, akawa anasema “wapendwa wasikilizaji” kwa ile sauti yake laini kama uji wa mgonjwa, na watu wakawa wanampigia simu kumuuliza wapi waweke nukta.

Tusifichane: Sikudhani alikuwa na wivu. Tena si ule wivu wa kusemewa pembeni na kuishia hapo. Ulikuwa wivu unaokaa naye kwenye mkeka wakati wa kula, akinyanyua tonge unamtazama. Saa ya kipindi ikifika alizima redio, halafu akaiwasha upesi, asije akapitwa na kosa. Zawena akikosea, chakula kilipita vizuri. Na ndani ya mtoto wa meza yake Sikudhani alikuwa na mswada wake mwenyewe, kitabu kizima cha kumsaidia mtu wa kawaida aandike aeleweke, na hapakuwa na mchapishaji aliyewahi kukifungua zaidi ya jalada.

Basi akaja mjumbe, amevaa koti la kijani, akamwambia, “Bi Sikudhani, unaitwa Jichoni. Wanayahitaji macho yako.”

“Mimi?”

“Wewe. Umetajwa kwa jina.”

Sikudhani hakuuliza la pili. Alifunga mswada wake kwenye kitambaa, akaaga kazini kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka meza ya pili, ingawa meza ya pili ilikuwa tupu wiki ile. Njia ya kwenda haina maneno. Alikwenda, akafika.

Jambo la kwanza aliloliona Jichoni lilikuwa kibao cha muuza mkate. Kiliandikwa: “Mkate.” Basi. Akasimama akakitazama kama mtu aliyeona maji ya kunywa. Bi Mwatime, mwanamke aliyepewa kazi ya kumkaribisha mgeni na kumlaza nyumbani kwake, akamweleza kwamba kibao kile zamani kilikuwa kirefu.

“Kilisema: Hapa panapatikana mkate bora wa aina mbalimbali wa leo. Hasidi wake akaja. Akamuuliza, aina mbalimbali zipi, nawe unaoka aina moja? Ikafutwa. Akamuuliza, bora kuliko wa nani? Ikafutwa. Hapa panapatikana, kwani kibao kiko wapi, mtaa wa pili? Ikafutwa. Ikabaki Mkate wa leo. Ilipofika jioni akarudi, akaugusa mkate, akafuta wa leo.”

“Hasidi wake?” akauliza Sikudhani.

“Hasidi wake wa kuapishwa. Kwani kwenu mnasahihishwa na nani?”

Sikudhani akasema kwao mtu humpa mwenzake anayempenda, mume au rafiki, amsomee. Bi Mwatime akacheka mpaka akashika ukuta.

Sheria ya Jichoni ni hii. Hakuna andiko linalotoka nje, liwe kitabu au kikaratasi cha kuomba chumvi, kabla ya kusomwa na mtu anayemwonea wivu mwandishi. Wanasema apendaye haoni kosa, na asiyejali haoni chochote. Jicho linaloona kila kitu ni jicho la hasidi, basi kwa nini lipotee bure vibarazani? Serikali ikalichukua ikaliapisha. Kila raia ana hasidi wake, naye ni hasidi wa mtu mwingine, na iko Idara ya Husuda inayowapanga.

Nami nasema kweli, mambo yao yalikuwa yamenyooka. Kadi ya harusi husahihishwa na yule msichana aliyeachwa, na hakuna nchi yenye kadi za harusi safi kama hizo: majina ya watu wawili, siku na mahali, wala hukuti “kwa furaha isiyo kifani”. Waziri wao wa barabara alipeleka hotuba ya kurasa nyingi, imejaa “zoezi la utekelezaji” na “katika kuhakikisha kwamba”. Hasidi wake alikuwa waziri aliyemtangulia. Hotuba ikarudi imebaki na maneno mawili: “Barabara haijaisha.” Waziri akasimama akayasoma, akakaa, na wananchi wakapiga makofi kwa kuwa kwa mara ya kwanza walikuwa wameelewa.

Lakini kila nyumba ina moshi wake. Wapo watu ambao, kwa kumsoma mwandishi wao kila siku, wivu huwatoka. Hao huitwa waliopoa. Aliyepoa haoni tena kosa, huanza kusema “hapa pazuri”, na Idara humwondoa mara moja. Hupelekwa kwenye nyumba moja kubwa yenye bustani, ambako huandikiana salamu siku nzima bila kusahihishana. Baraza la nchi lilikuwa likijadili nyumba ile siku aliyofika Sikudhani. Mjumbe mmoja alisimama akasema ibomolewe, maana barua zinazotoka mle zimejaa “akuna” na “tafadhari”, na watoto wa shule wanazipenda. Mwingine akajibu, “Mheshimiwa, tukiibomoa watarudi majumbani kwetu, na majumbani watatupenda.” Baraza likaogopa, likaahirisha.

“Mume wangu yuko kule,” alisema Bi Mwatime huku akimenya vitunguu. “Alikuwa hasidi wangu mzuri sana. Siku moja nikampa orodha ya sokoni akasema, sawa, mke wangu. Hakukata hata neno! Nikajua kapatwa.” Alijifuta macho. Vitunguu vilikuwa vikali.

Asubuhi yake Sikudhani akapelekwa Idarani. Alivaa gauni lake la kijivu la sikukuu. Bwana Mkaguzi Mauya, mkuu wa Idara, mtu mwembamba anayeongea polepole, alimpa kiti na kahawa.

“Bi Sikudhani, karibu. Kimeletwa hapa kitabu kikubwa cha kuwafundisha watu kuandika mambo ya kila siku. Kikigongwa muhuri wetu, kitasomwa kila nchi. Mwandishi wake ni mgeni, na sheria inataka ataje mtu anayemwonea wivu kuliko wote duniani. Amekutaja wewe.”

Kahawa ilimwagika kwenye gauni. “Nani huyo?”

Mlango ukafunguliwa, akaingia Zawena, kajitanda kanga mpya, kanukia, katabasamu.

“Shoga yangu! Nilijua utakuja.”

“Ulinitaja mimi?”

“Sasa ningemtaja nani, mwenzangu? Wengine wote wananipenda.”

Loo! Kuna maneno mtu akiambiwa hana pa kuyaweka. Sikudhani alitaka kuondoka, lakini Mkaguzi alikuwa ameshafungua daftari la kiapo, na kila mtu chumbani alimtazama kwa heshima kubwa, maana Jichoni hasidi mkubwa ni mtu mkubwa. Akafikiri upesi. Akasema, “Nitaapa. Ila nami nina mswada wangu. Nataka nao ugongwe muhuri.”

“Vyema,” akasema Mkaguzi. “Nani anakuonea wivu?”

Sikudhani akapitisha kichwani majina ya watu wote anaowajua, wa kazini, wa mtaani, mpaka wifi zake. Hakupata mtu.

“Usijali,” akasema Mkaguzi kwa upole uliouma kuliko tusi. “Tutakutafutia.”

Wakamtafutia kweli. Kesho yake walimsimamisha sokoni, karani akasoma habari zake kwa sauti: miaka yake ya kazi, makosa aliyoyaokoa, mswada wake. Kisha akauliza, “Nani hapa amechomwa moyoni?” Watu wakatazamana. Nyuma kabisa mama mmoja akapunga mkono, Sikudhani akajaa matumaini, kumbe anafukuza inzi.

Basi ikawa hivyo. Zawena alikuwa na hasidi, Sikudhani hakuwa naye, na Jichoni mtu asiye na hasidi haandiki ila jina lake. Mswada wake ulibaki Idarani juu ya kabati, umefungwa kwenye kitambaa chake, naye akapewa kurasa za Zawena.

Alizishambulia. Sina neno jingine. Alikaa barazani kwa Bi Mwatime na kalamu nyekundu, akapita sentensi kwa sentensi. Zawena alikuwa na sentensi moja inayoanza juu ya ukurasa na kuisha karibu na namba ya chini. Sikudhani aliikata vipande, kila kipande jambo lake. Barua ya mfano ya kuomba ruhusa kazini ilisalimu, ikashukuru, ikasalimu tena, na ruhusa yenyewe ikaombwa mwisho kabisa kama aibu. Akaandika pembeni: “Bosi ameshalala. Anza na ruhusa.” Palipokuwa na “masaa” akaandika “saa”. Palipokuwa na “maamuzi yalifanyika” akauliza: “Yalijifanya? Aliyeamua hana jina?” Na alipokuta, katika kitabu cha kufundisha watu, “vitu zao”, alipiga kigelegele hasa, mpaka fundi cherehani wa nyumba ya pili akachungulia kuuliza nani kaolewa.

Raha ile haikudumu. Kila jioni Zawena alikuja kuchukua kurasa, na kila asubuhi alizirudisha zimeandikwa upya, na zilikuwa nzuri. Hakubishana na alama hata moja, hayawani yule! Alifuata kila alipopigwa. Sikudhani akaanza kuelewa kazi aliyopewa: kadiri alivyoona vibaya vya mwenziwe, ndivyo mwenziwe alivyopendeza. Alikuwa anampaka wanja mke mwenza kwa mkono wake mwenyewe, tena anamshikia na kioo.

Ndipo akafika sura ya tano.

Sura ya tano ilikuwa fupi. Ilieleza namna ya kujua kwamba sentensi imezidi urefu: isome kwa sauti ya chini, kana kwamba unamsomea mtu aliyelala, pumzi ikikatika, kata sentensi, ukiona haya kuisema mbele ya mama yako, ifute. Sikudhani alisoma, akaweka kalamu chini. Maneno yale yalikuwa yake. Alikuwa akimwambia Zawena maneno hayo miaka ile mezani, mdomo umejaa mihogo. Yalikuwa pia kwenye mswada wake mwenyewe, juu ya kabati, sura nzima. Ila mle kwake yalikuwa yamejikunja, yameelezwa, yameonya, yameomba radhi. Hapa yalikuwa yamesimama wima.

Angekuta kosa moja angepona. Alisoma tena. Alisoma kwa sauti, alisoma kutoka chini kwenda juu, aliinua karatasi kwenye jua. Hapakuwa na hata mkato wa kuhamisha. Wizi aliweza kuusamehe, watu huokota maneno kama kuku. Lakini mtu achukue jambo lako aliseme kuliko wewe! Alilia kwa hasira, akapeleka sura ile Idarani bila alama yoyote.

Mjini kukawa na minong’ono. Hasidi amerudisha sura nzima tupu! Mkaguzi akaitisha kikao.

Jioni hiyo, wakikuna nazi, Bi Mwatime akamweleza litakalotokea. “Watakuuliza kitu kimoja tu: umepoa? Ukisema umepoa, wanakuachia hapohapo. Hawabishi. Hasidi wa kulazimishwa ana faida gani?”

“Na kitabu?”

“Kinafungiwa mpaka apatikane hasidi mwingine anayemwonea wivu kama wewe. Na kwa nilivyosikia, hayupo.”

Sikudhani akaacha kukuna. “Kwa hiyo nikisema tu kwamba simwonei wivu...”

“Kitabu kimekufa. Nawe watakusifu. Watasema, tazama, mtu mwenye moyo safi.”

Akarudi kwenye mbuzi ya nazi. Tangu azaliwe Sikudhani hakuwahi kupewa kisu kilichofungwa kwenye hariri namna ile. Hana haja ya kusengenya wala kuloga, wala ya kumchongea mtu kwa bosi. Atasema sentensi moja ya upendo mbele ya watu, na Zawena atarudi Tanga mikono mitupu. Alianza hata kuifanyia mazoezi huku nazi ikidondoka: mimi simwonei wivu dada yangu, nampenda. Sauti aliiazima redioni.

Ukumbi wa Idara ulijaa. Zawena alikaa mbele, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatabasamu. Vidole vyake vilikuwa vinasokota pindo la kanga. Alijua. Sikudhani alimwona anajua, na utamu wa kumwona hivyo ulikuwa kama asali inayokatwa kwa kisu.

“Bi Sikudhani,” akasema Mkaguzi, “sura ya tano haina alama. Je, umepoa?”

“Bwana Mkaguzi,” akaanza kwa upole, “mimi simwonei...”

Aliisikia sentensi yake ikitoka, na sikio lake, lile lile lililomlisha miaka yote, likaisimamisha. Haikuwa kweli. Tena lilikuja jambo jingine baya zaidi. Watasema Sikudhani aliisoma sura ile, na hakuhisi kitu. Watasema alikuwa na jicho, lakini kitu kizuri kilipopita mbele yake halikukiona. Hapana. Bora aitwe hasidi kuliko aitwe kipofu.

“Sijapoa,” akasema. “Andika hivyo. Namwonea wivu, Bwana Mkaguzi. Namwonea sauti yake, namwonea simu anazopigiwa, mpaka na hiyo kanga namwonea. Sura ya tano sikuitia alama kwa sababu haina kosa. Nimelitafuta mpaka macho yamevimba. Maneno yale nilimwambia mimi, na mimi nilipoyaandika hayakusimama, na yeye alipoyaandika yamesimama. Sasa nikuambie nini tena? Ingekuwa yangu sura ile nisingetaka kingine duniani.”

Jichoni wanaujua wivu kwa kazi. Kuusikia ukisemwa hivyo mchana kweupe, mtu mwenyewe kasimama, hawakuwa wamezoea. Mama mmoja akavuta pumzi kama aliyeshikwa na kwikwi. Mkaguzi akaandika, akageuza ukurasa, akagonga muhuri. Kitabu cha Zawena kilikuwa kimepita.

Sikudhani akakaa. Alijisikia mtupu kama kikapu kilichotoka sokoni kwa mtu asiye na hela, na bado hakujuta.

“Limebaki hili,” akasema Mkaguzi, akashusha kile kitambaa kutoka juu ya kabati. “Mswada wako, bibi. Tunakurudishia kwa masikitiko. Tumetafuta hasidi hatukupata. Hata Bi Zawena, kwa kuwa ndiye pekee anayekufahamu hapa, tulimpa juzi ausome, akaurudisha leo. Bi Zawena, kwa ajili ya kumbukumbu tu: unamwonea wivu mwenzako?”

Zawena akasimama. Tabasamu lilikuwa limerudi mahali pake.

“Mimi? Hata kidogo,” akasema kwa sauti ya redioni. “Simwonei wivu dada yangu. Nampenda.”

Sikudhani akainua kichwa. Sentensi ile aliijua. Jana tu ilikuwa mdomoni mwake yeye, nazi ikidondoka.

“Basi,” akasema Mkaguzi, akafunga daftari.

“Nampenda sana,” akaendelea Zawena, akiwa bado amesimama. “Ila tu, kwa kusema kweli, sura ya pili ameianza na onyo. Angeanza na mfano. Ule mfano wa dalali anaouficha huko katikati, ule ndio mlango, kwa nini auzibe? Na ‘kwa hiyo’ zake! Kila aya kwa hiyo, kwa hiyo, kama mtu anayebisha hodi nyumba yake mwenyewe. Na anapoeleza kuandika tangazo la msiba, watu huwa hawajui waanzie wapi, yeye kawaanzishia vizuri, kisha anawaacha njiani, anakwenda kueleza nukta! Nani anataka nukta pale, mtu amefiwa?”

Mkaguzi alikuwa amefungua tena daftari, taratibu, bila kumkatiza. Watu wa nyuma walikuwa wamesimama.

“Na ukurasa ule wa mwisho,” Zawena akasema, na sauti ya redioni ilikuwa imemponyoka, imebaki ile ya zamani ya kule mezani, kavu, ya haraka. “Ule wa mama anayemwandikia mwanawe aliye mbali. Mama hajui kuandika vizuri, anaandika mstari mmoja tu: Chumba chako nimefagia. Bwana Mkaguzi, mstari ule mmoja! Mimi nimeandika vitabu viwili sina mstari kama ule. Na yeye anafanya nini? Anauharibu! Anakaa aya nzima anaueleza, mama alimaanisha hivi, mama alimaanisha vile. Nimekaa nao siku mbili silali. Ningekuwa nao mimi, ningekuwa nao mimi tu...”

Akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Hapakuwa na mtu aliyecheka. Mkaguzi akachovya kalamu yake, akauliza jina lake kamili na la baba yake, kwa ajili ya kiapo. Zawena alikuwa anamtazama Sikudhani, macho yamejaa, uso umeiva kwa haya na hasira.

Na Sikudhani? Alikuwa amesifiwa mara chache maishani, na kila mara kwa adabu tu, kama mtu anavyosifia mtoto wa mwenyeji. Hakuwahi kusikia kitu kitamu kama makosa yake yakitajwa na mdomo ule. Alinyoosha mkono akachukua mswada wake, akafungua kitambaa, akafunua mpaka ukurasa wa mwisho, akamwomba karani kalamu nyekundu.

“Njoo ukae hapa, shoga,” akasema, akasogea kwenye benchi. “Nianze kukata wapi?”